Uzi: Programu huria unayoitegemea, nani anaweza kubadilisha leseni yake bila kukuuliza?

1. FundiSeva

Wakuu, heshima kwenu.

Naufungua uzi huu kwa wanaojenga mifumo juu ya programu huria: waandishi wa programu, wasimamizi wa seva, na wale wanaoandika zabuni za mifumo ya hospitali, vyuo na halmashauri. Tukichagua programu huwa tunauliza kama inafanya kazi na kama ni ya bure. Wachache wanaongeza swali la tatu, ina leseni gani. Wengi tunaishia hapo, na mambo yaliyotokea tangu 2018 yanaonyesha kwamba hapo hapatoshi.

MongoDB, ambayo ni hifadhidata, ilitoka leseni huria ya AGPL ikaingia SSPL, leseni yenye mipaka (bandiko la 5 linaifafanua), Oktoba 2018. Elasticsearch, injini ya kutafuta, ikaiacha leseni huria ya Apache 2.0 Januari 2021. Tarehe 10 Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp wakaziondoa zana zao za wasimamizi wa seva, Terraform, Vault na nyingine, kwenye leseni huria ya MPL 2.0 wakaziweka kwenye BSL, nayo ina mipaka. Redis, hifadhidata inayokaa kwenye kumbukumbu, ikaiacha leseni huria ya BSD tarehe 20 Machi 2024. Yote hii ni miradi iliyokuwa na msimbo wazi, jumuiya kubwa na watu wa nje waliotuma viraka bila kulipwa.

Lieleweke hili: msimbo wa zamani haukunyang'anywa mtu. Toleo likishatolewa kwa leseni huria linabaki huria. Kinachofungwa ni matoleo yanayofuata pamoja na viraka vya usalama vinavyokuja nayo. Ukibaki na toleo la zamani una uhuru wote kwenye karatasi, lakini tundu likigunduliwa utaliziba mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kuijenga kazi ya miaka mitano juu ya mradi wowote, nusu saa hii itumike:

Soma faili la LICENSE la toleo unalolisimika, usitegemee ukurasa wa mbele wa hazina (mahali msimbo unapohifadhiwa). Terraform 1.5.7 ni MPL 2.0 na 1.6.0 ni BSL, na zote zimo kwenye hazina moja. Anayesoma ukurasa wa leo akaandika kwenye ripoti leseni ya toleo la jana ameandika uongo bila kujua.

Kisha fungua CONTRIBUTING. Kama mchangiaji anatakiwa kusaini mkataba unaoipa kampuni haki ya kuutoa msimbo wake chini ya leseni nyingine yoyote, mlango uko wazi tayari, imebaki siku ya kupita. Kama anatakiwa tu kuongeza mstari wa Signed-off-by, yaani tamko kwamba msimbo ni wake na ana haki ya kuutoa, basi hakimiliki inabaki kwa kila mchangiaji. Kiini cha Linux kinakwenda hivyo tangu 2004. Hakuna mtu anayeweza kuitoa Linux kwenye leseni yake ya GPLv2, maana angelazimika kupata ridhaa ya maelfu ya watu, wengine wao wameshafariki.

Halafu pima nani anaandika. Ndani ya hazina uliyoinakili piga:

`git log --since="12 months ago" --no-merges --format='%ae' | sed 's/.*@//' | sort | uniq -c | sort -rn | head`

Inakupa idadi ya mabadiliko ya mwaka mmoja kwa kila kikoa cha barua pepe. Ukiona kikoa kimoja kina mabadiliko 900 na kinachofuata kina 20, mradi huo una mwenyewe. Tahadhari: waliojificha nyuma ya users.noreply.github.com watahesabiwa pamoja kama kundi moja, na kundi hilo huwa kubwa. Hao itabidi uwaangalie kwa majina.

Mwisho ni jina. Angalia alama ya biashara imesajiliwa kwa nani, kampuni au wakfu.

Kwa mtazamo wangu, dalili inayotosha peke yake ni mkataba wa mchangiaji. Miradi yote minne hapo juu ilikuwa nao. *(Sentensi hii ina kosa, soma bandiko la 2.)*

2. MziziWaMbuyu

Mkuu FundiSeva, uzi mzuri, ila sentensi ya mwisho irekebishwe kabla watu hawajaibeba. Redis haikuwa na mkataba wa mchangiaji wakati ule.

Iliwezekanaje? Kwa sababu BSD ni leseni ya ruhusa pana. Inasema: chukua, badilisha, uza, ilimradi tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni yabaki. Kampuni iliyachukua yote yaliyokuwamo, ikaacha matangazo yale mahali pake, kisha ikaweka kazi mpya chini ya masharti mengine. Wachangiaji wa zamani walikuwa wameshairuhusu bila kujua kwamba wameiruhusu.

Njia za kufika huko ni mbili, basi. Kwa leseni ya kurithisha kama GPL na AGPL, ambayo anayesambaza lazima aurithishe uhuru uleule, kampuni inahitaji mkataba wa mchangiaji ili ijiondoe. MongoDB ndivyo ilivyofanya. Kwa leseni ya ruhusa pana kama BSD, MIT na Apache, haihitaji chochote. Inahitaji tu kuwa yenyewe ndiyo inayoandika sehemu kubwa na ndiyo yenye jina.

PostgreSQL, hifadhidata yenye leseni ya ruhusa pana, bado ni salama kwa sababu hiyo ya pili haipo. Zipo kampuni zinazouza PostgreSQL iliyofungwa na ni halali yao, lakini hakuna hata moja inayoweza kuibeba PostgreSQL yenyewe ikaondoka nayo. Wanaoiandika wametawanyika kwenye kampuni nyingi, na timu kuu ina utaratibu kwamba waajiriwa wa kampuni moja wasizidi nusu ya wanachama wake. Mwaka 2020 kampuni mbili kubwa za PostgreSQL zilipoungana, uwiano uliharibika, wakaongeza wanachama kuusawazisha. Hayo hayamo kwenye faili la LICENSE.

Mfano mwingine unaofundisha ni OpenOffice, programu ya ofisi. Enzi za kampuni ya Sun, mchangiaji alitakiwa kusaini karatasi ya kuishirikisha Sun hakimiliki yake. Oracle wakainunua Sun Januari 2010, na karatasi zile zikaenda nao. Mwezi Septemba mwaka huohuo wengi wa wachangiaji wakaondoka wakaanzisha LibreOffice chini ya The Document Foundation. Juni 2011 Oracle wakaikabidhi OpenOffice kwa Apache, na leseni ikahama kutoka LGPL, ya kurithisha, kwenda Apache 2.0 bila mwandishi hata mmoja kuulizwa. Waliweza kwa sababu ya karatasi zile. LibreOffice hawasainishi mtu karatasi ya namna hiyo.

3. FundiSeva

Nimekubali marekebisho, mkuu. Nimeweka alama kwenye bandiko la kwanza. Basi kipimo cha tatu, cha nani anaandika, ndicho kizito kuliko nilivyokipa uzito.

4. Mhasibu_wa_Wingu

Nataka kuutetea upande wa pili, na ninaamini ninachosema.

Kuna kampuni za wingu zinazochukua programu huria, zinaiweka kwenye seva zao, zinauza kwa saa, na mwandishi wa awali hapati kitu. Kisheria ziko sawa, leseni imeruhusu. Lakini mishahara ya watu wanaoziba matundu usiku inatoka wapi? Aliyebadilisha leseni mara nyingi alikuwa anajaribu kubaki hai.

Tena angalieni masharti yenyewe. Duka la mtandaoni la Mwanza au mfumo wa ada wa chuo haujaguswa na SSPL wala BSL. Wanaozuiwa ni wanaouza programu hiyohiyo kama huduma. Kwa asilimia kubwa ya wasomaji wa uzi huu, kesho yao inafanana na jana.

5. Wakili_wa_Msimbo

Mhasibu, nusu ya hoja yako iko sahihi na nitaifafanua, maana watu wengi wanaogopa leseni isiyowahusu na hawaiogopi inayowahusu.

GPL: kutumia ndani ya ofisi yako, hata ukiibadilisha, hakukulazimishi kutoa msimbo kwa mtu. Wajibu unaanza unapoisambaza, yaani unapompa mteja programu au kifaa chenye programu hiyo ndani. Ukiuza ruta zenye Linux, mnunuzi ana haki ya msimbo wa sehemu zile za GPL.

AGPL inaongeza kifungu cha 13: ukiibadilisha programu na watu wakaitumia kupitia mtandao, lazima uwape njia ya kupata msimbo ulioubadilisha. Kama hukuibadilisha, kifungu hicho hakikugusi. Wanaokimbia AGPL kwa sababu "itameza kampuni yetu" wengi hawajakisoma.

SSPL inachukua kifungu hichohicho cha 13 na kukipanua mno: ukitoa programu hiyo kama huduma, utoe pia msimbo wa vyote unavyoiendeshea, kuanzia usimamizi, ufuatiliaji, bekapu, hadi uhifadhi. Kwa vitendo hakuna anayeweza kutimiza. MongoDB waliipeleka kwa Open Source Initiative, taasisi inayoidhinisha leseni huria, ikaguliwe, wakaiondoa wenyewe Machi 2019 baada ya kuona upinzani, na Januari 2021 taasisi hiyo ikasema wazi kwamba SSPL si leseni ya chanzo huria.

BSL ina saa ndani yake. Kila toleo lina tarehe ya kubadilika, isiyozidi miaka 4, na ikifika toleo hilo linakuwa huria kweli. Kwa HashiCorp linarudi MPL 2.0. Hadi hapo, matumizi ya uzalishaji yanategemea kibali cha ziada kilichoandikwa juu ya leseni, na kila kampuni inakiandika kivyake. Soma kibali hicho neno kwa neno. HashiCorp wanazuia bidhaa "shindani". Kama unauza jukwaa linaloendesha Terraform kwa niaba ya wateja, peleka maandishi hayo kwa mwanasheria kabla ya kusaini mkataba.

Sasa nusu ya pili, ambayo sikubaliani nayo. Usambazaji wa Linux kama Debian na Fedora hauingizi programu ya SSPL kwenye hazina zao kuu. Ukiwa na seva 30 zinazopata viraka kwa `apt upgrade`, programu iliyobadilisha leseni inatoka kwenye mkondo huo. Hukushtakiwa na mtu, lakini kazi imekuongezekea.

Na hawa wawili wamerudi nyuma. Elastic waliongeza AGPL Agosti 2024, Redis wakaongeza AGPL kuanzia toleo la 8, Mei 2025. Ni hatua njema na ninaipongeza. Ila mchangiaji wa Redis leo anasaini mkataba ambao zamani haukuwapo. Anayerudi AGPL akiwa na mikataba mkononi anaweza kuondoka tena.

6. NyotaYaKusini

Habari zenu kaka na dada. Swali la vitendo. Redis 7.0.15 kwenye Debian 12, data kama GB 6, RAM GB 16, `appendonly yes` (kila andiko linaandikwa pia kwenye faili la AOF). Ina vipindi vya watumiaji na foleni za kazi. Moduli hakuna. Tunataka kwenda Valkey, tawi huria la Redis. Huduma isisimame zaidi ya dakika chache. Njia ipi, na nini huharibika?

7. FundiSeva

Dada Nyota, uko mahali pazuri. Valkey ilichipuka kutoka Redis 7.2.4 na ilitangazwa chini ya Linux Foundation tarehe 28 Machi 2024, siku nane tu baada ya Redis kubadilisha leseni. Inasoma data ya Redis hadi 7.2, nawe uko 7.0.

Usiifanye kwenye mashine ileile. Andaa mpya yenye Debian 13, simika `valkey-server`. Weka `vm.overcommit_memory=1` kwenye mashine zote mbili kabla ya kuanza, la sivyo seva ya zamani inaweza kukataa kujigawa (kuunda mchakato wa pili) wakati wa kutoa nakala. Kwenye valkey.conf weka `maxmemory` na `maxmemory-policy` sawasawa na za zamani. Usipoziweka, Valkey haina kikomo cha kumbukumbu na siku moja mfumo wa uendeshaji utaiua. Kwa foleni za kazi sera iwe `noeviction`. Ukiweka `allkeys-lru`, kumbukumbu ikijaa foleni inaweza kufutwa kimya kimya.

Weka nenosiri la seva ya zamani kwenye `primaryauth` (jina la zamani `masterauth` nalo linakubalika), kisha:

`valkey-cli REPLICAOF 10.0.0.5 6379`

Badala ya 10.0.0.5 weka anwani ya seva yako ya zamani. Valkey itavuta GB 6 zote, kisha itaendelea kupokea kila andiko jipya. Angalia `INFO replication` mpaka uone `master_link_status:up`. Iache hivyo saa kadhaa, ielekeze programu moja ya kusoma tu, ipime.

Saa ya kuhama: simamisha vinavyoandika. Linganisha `master_repl_offset` ya seva zote mbili, namba zikilingana hakuna kilichobaki njiani. Piga `REPLICAOF NO ONE` kwenye Valkey, badilisha anwani kwenye programu, ziwashe. Dakika mbili tatu zinatosha. Maktaba za programu hazibadiliki, itifaki ni ileile. Usishtuke `INFO server` ikikuonyesha `redis_version:7.2.4`. Imeachwa makusudi, maana zipo maktaba zinazokagua namba hiyo. Toleo halisi liko kwenye `valkey_version`.

8. MziziWaMbuyu

Nyongeza ya yanayoharibika, maana FundiSeva amepita njia nyoofu.

Kitanzi cha nakala. Wakati Valkey inapokea GB 6, maandiko mapya yanarundikana kwenye bafa (kumbukumbu ya muda) ya seva ya zamani. Kikomo cha kawaida ni MB 256 papo hapo, au MB 64 zikikaa sekunde 60. Kikipitwa, seva ya zamani inakata muunganisho na nakala inaanza upya, inakatwa tena, na hivyo hivyo. Utaona kwenye logi ya zamani maneno "scheduled to be closed ASAP for overcoming of output buffer limits". Dawa ni kupanua bafa kwa muda, kwa baiti:

`CONFIG SET client-output-buffer-limit "replica 1073741824 536870912 120"`

Hiyo ni GB 1 na MB 512 kwa sekunde 120. Hesabu RAM kwanza: GB 6 za data, kurasa zinazonakiliwa wakati seva imejigawa, na bafa hiyo. Kwenye GB 16 inaingia, kwenye GB 8 usijaribu mchana.

Wanaonakili faili la dump.rdb (nakala ya data kwenye diski, muundo wake ni RDB) badala ya kutumia replika, yaani seva inayoifuata nyingine, wanaangukia mashimo mawili. La kwanza: wanaliweka faili kwenye /var/lib/valkey huku Valkey ikiwa hai, kisha wanaiwasha upya. Valkey ikizimika inahifadhi data yake yenyewe, ambayo ni tupu, juu ya faili lako. Zima kwanza, nakili, badilisha umiliki kwa `chown valkey:valkey`, ndipo uwashe. La pili: `appendonly yes` imo kwenye usanidi. Seva ikiwa na AOF hailisomi dump.rdb kabisa, inatafuta AOF, haiioni, inaamka tupu. Iwashe na `appendonly no`, thibitisha `DBSIZE`, kisha `CONFIG SET appendonly yes` ikiwa hai, subiri `aof_rewrite_in_progress` irudi 0, ndipo uandike kwenye faili la usanidi.

Kurudi nyuma hakupo kwa njia ileile. Redis 7.0 inaandika muundo wa RDB namba 10, Valkey 8 inaandika namba 11. Huwezi kuigeuza Redis ya zamani iwe replika ya Valkey. Amua ndani ya muda mfupi baada ya kuhama, kabla maandiko mapya hayajawa mengi.

Na aliyeshapanda Redis 7.4 au zaidi ana kazi kubwa. Muundo wa 7.4 ni namba 12, na Valkey 8 kwa mpangilio wake wa kawaida inakataa kwa "Can't handle RDB format version 12". Hata DUMP na RESTORE hazisaidii, maana namba ya muundo imo ndani ya kila kifurushi. Inabidi kusoma ufunguo mmoja mmoja kwa aina yake, hashi kwa HGETALL na HSET, orodha kwa LRANGE na RPUSH, pamoja na PTTL ili muda wa kuisha usipotee. Ndiyo maana nasisitiza: usipande toleo jipya la mradi uliobadilisha leseni kabla hujaamua unabaki au unaondoka.

9. NyotaYaKusini

Asanteni sana. Hilo la AOF lingetuumiza.

10. Mhasibu_wa_Wingu

Nimewasoma. Ila swali langu la mishahara halijajibiwa na mtu. Valkey imesimama upesi kwa sababu kampuni kubwa za wingu ziliweka wahandisi wao. Programu ndogo isiyo na matajiri nyuma yake itachipuzwa na nani?

Kumbukeni xz. Maktaba ndogo ya kubana data, imo karibu kila seva ya Linux, mtunzaji wake kwa miaka mingi alikuwa Lasse Collin, karibu peke yake. Aliyejiita Jia Tan alichangia kwa zaidi ya miaka miwili, viraka vizuri kabisa, huku akaunti nyingine zikimshinikiza mtunzaji kwenye barua pepe kwamba anachelewa, amkabidhi mwenzake. Alikabidhi sehemu. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa nyuma. Aliyeugundua, akautangaza tarehe 29 Machi 2024, ni Andres Freund, mmoja wa waandishi wa PostgreSQL, aliyeshtuka kwa sababu kuingia kwenye seva kwa SSH kulichelewa kama nusu sekunde. Leseni ya xz haikuwa na tatizo lolote. Kilichokosekana ni mtu wa pili wa kumsaidia mtunzaji.

11. FundiSeva

Hapo tuko pamoja, mkuu, na xz ina funzo la kiufundi pia. Kipande kilichouwasha mlango, faili la build-to-host.m4, hakikuwamo kwenye hazina ya git. Kilikuwamo kwenye kifurushi cha kupakua tu. Aliyekagua hazina asingekiona. Ukijenga kutoka chanzo, chukua lebo ya git, au linganisha kifurushi na hazina kwa `diff -r` na uulize kila faili lililozidi limetoka wapi.

Kuhusu malipo: ofisi isiyo na fedha za kutuma nje bado inaweza kulipa kwa kazi. Ripoti ya kasoro yenye namba ya toleo, hatua za kuirudia na logi inamwokolea mtunzaji siku nzima. Tafsiri nayo ni malipo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na leseni ndiyo iliyowaruhusu kuitafsiri bila kumwomba mtu kibali.

12. RamaniNaData

Niwatoe kwenye msimbo kidogo, niwapeleke kwenye data, maana upo mradi uliolitatua swali la kichwa cha uzi huu vizuri kuliko yote niliyoisoma.

OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ilitumia leseni ya CC BY-SA 2.0. Wakataka kuhamia ODbL, iliyotungwa kwa ajili ya hifadhidata. Hakukuwa na mtu mwenye hakimiliki yote, ikabidi kila mchora ramani aulizwe. Waliokataa au wasiojibu, kazi yao iliondolewa kwenye ramani Julai 2012, barabara na majengo pamoja. Tarehe 12 Septemba 2012 leseni mpya ikaanza. Iliuma, lakini hakuna aliyebebwa kwa nguvu.

Na masharti mapya ya wachangiaji yakaandikwa hivi: wakfu unaweza kubadilisha leseni siku zijazo, lakini kwenda leseni nyingine huria tu, na theluthi mbili ya wachangiaji hai wakikubali. Mchangiaji hai ni aliyehariri katika miezi yoyote 3 kati ya 12 iliyopita na akajibu barua pepe ndani ya wiki 3. Huo ni mkataba wa mchangiaji unaofunga mikono ya mwenye mkataba. Ningependa kila mradi wa programu uuige.

Linatuhusu moja kwa moja. Ramani Huria ilipoanza Dar es Salaam 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata walichora mitaro, njia na nyumba kwa ajili ya mafuriko, na kazi yote ikaingia OpenStreetMap. Mtaro wa Tandale ulio kwenye ramani ile uko chini ya masharti hayo. Hakuna ofisi inayoweza kuuamkia asubuhi na kuufunga.

Kwa vitendo: ukitumia data hiyo kwenye programu yako, andika "© OpenStreetMap contributors" mahali panapoonekana. Ukiirekebisha data yenyewe na kuitoa hadharani, urekebishaji huo nao uutoe kwa ODbL. Picha ya ramani uliyoichora kutokana nayo unaweza kuiuza kwa masharti yako.

13. Wakili_wa_Msimbo

Nimefurahi RamaniNaData ameileta hiyo. Niongeze jambo kwa wanaoandika zabuni, maana hapa ndipo fedha za umma zinapovujia.

Mifumo ya afya ya ukanda wetu imesimama juu ya programu huria kwa sehemu kubwa. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, inatoka Chuo Kikuu cha Oslo, leseni ya BSD yenye vifungu vitatu. Kenya iliiweka kitaifa 2011. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ambao mizizi yake iko pia kwenye kazi ya mpango wa afya wa AMPATH kule Eldoret, ina MPL 2.0. Waandishi wa zabuni wanaona neno "huria" wanapumua. Wasipumue.

Kwa BSD, mkandarasi anayelipwa kuongeza sehemu mpya kwenye DHIS2 halazimiki na leseni kukupa msimbo wa sehemu hiyo. Kwa MPL 2.0, akikukabidhi mfumo lazima akupe msimbo wa mafaili ya OpenMRS aliyoyagusa, lakini mafaili mapya aliyoyaandika mwenyewe anaweza kuyafunga. Mwaka wa pili mkataba ukiisha, mfumo ni "huria" na kipande ulichokilipia kimefungwa.

Kwa hiyo mkataba wenyewe ndio useme. Nadhani haya yasikosekane: hakimiliki ya kazi mpya ni ya mnunuzi, au kazi hiyo itolewe chini ya leseni iliyotajwa kwa jina na namba ya toleo. Msimbo uwekwe kwenye hazina ya mnunuzi tangu siku ya kwanza, pamoja na historia yake yote, usisubiri makabidhiano. Malipo ya mwisho yatoke baada ya jaribio la kujenga upya.

14. MziziWaMbuyu

Jaribio hilo wengi wanaliandika kwa sentensi moja na mkandarasi analipita kwa urahisi. Liandikwe hivi: mashine safi, isiyowahi kuguswa na mkandarasi. Fundi wa mnunuzi ndiye anayeshika kibodi, mkandarasi anakaa pembeni bila kusema. Anafuata maandishi yaliyokabidhiwa tu. Anajenga programu kutoka hazina, anarejesha bekapu iliyotolewa kwa `pg_dump -Fc` kupitia `pg_restore`, anahesabu safu mlalo za majedwali makubwa matano pande zote mbili, anaingia kama mtumiaji wa kawaida na kutoa ripoti moja ya mwezi.

Huwa panakwama sehemu zilezile. Nenosiri lililoandikwa ndani ya msimbo. Maktaba inayovutwa kutoka seva binafsi ya mkandarasi. PostGIS, kiendelezi cha PostgreSQL cha data za ramani, kukosekana, `pg_restore` ikamwaga makosa na majedwali ya ramani yasiundwe kabisa. Toleo la Java lisilotajwa popote. Kila mkwamo uandikwe, mkandarasi arekebishe maandishi, na jaribio lianze upya kwenye mashine nyingine safi, tangu mwanzo.

15. NyotaYaKusini

Swali la mwisho kwa Wakili. Kama hazina ni ya mnunuzi tangu siku ya kwanza, wachangiaji wa mkandarasi wasaini mkataba au Signed-off-by inatosha?

16. Wakili_wa_Msimbo

Kwa kazi ya kulipwa, Signed-off-by peke yake haitoshi, dada. Ni tamko la mwandishi kwamba ana haki ya kuutoa msimbo chini ya leseni ya mradi, haihamishi hakimiliki. Weka kifungu cha kuhamisha hakimiliki kwenye mkataba mkuu na mkandarasi, kisha mtake akuonyeshe kwamba waajiriwa wake na vibarua wake wote wamemhamishia yeye kwa maandishi. Kibarua aliyeandika moduli nzima bila karatasi ndiye atakayejitokeza mwaka wa tatu. Mstari wa Signed-off-by ubaki pia, kwa sababu unakuonyesha nani ametoa tamko hilo kwa kila badiliko.

17. NyotaYaKusini

Nimeelewa vizuri. Naanza na orodha ya vibarua.